Kifungo cha Matundu Matatu

...na hili koti nalo, nani alinituma kuvaa koti kwenye joto hili, ni binti yangu huyo huyo, "Mama, vaa lile la bluu, utaonekana mtu wa maana," haya, mtu wa maana ndiye huyu hapa jasho linamchuruzika mgongoni, feni ya darini inazunguka kwa uvivu inampepea mwenyekiti wa kamati peke yake, sisi huku nyuma tunaiva, na mama aliyesimama mbele kwenye kipaza sauti hasikiki, kipaza kinakata, kinarudi, kinakata tena, fundi mitambo amepiga magoti chini ya meza anahangaika na nyaya, tunachokiona sisi ni makalio yake tu, na Mwalimu aliyeketi kando yangu, mstaafu huyu aliyetukusanya wazazi tangu siku ya kwanza, ananinong'oneza, "Zamu yako ikifika usikitegemee hicho chombo, paza sauti," nami namjibu sauti ninayo Mwalimu, nimelea watoto wawili kwenye chumba chenye cherehani, mtu akinong'ona mle ndani hasikiki. Baada ya mama huyu ni mimi. Karani wa kamati ameshaninyooshea kidole, jiandae mama, kama vile nimekuja hapa kulala, nimejiandaa tangu mwaka juzi, maneno yangu nimeyakariri nikiwa nakanyaga cherehani, waheshimiwa, mimi ni fundi cherehani, na ni mama wa mtoto aliyeonewa shuleni, hapo napumua, binti ndiye aliyenifundisha kupumua hapo, "Mama, usikimbie, waache wameze kwanza," kisha ndiyo niwaeleze habari za mdogo wake. Redio. Ndilo jina tulilompa akiwa mdogo, kwa sababu alikuwa anaongea toka anafumbua macho mpaka anasinzia na kijiko mdomoni, majirani walikuwa wananiuliza leo Redio haina betri? akinyamaza hata kidogo tu, na siku hizi hakuna anayemwita hivyo tena, baba yake aliteleza mara moja akamwita, sote tukatazama sahani zetu. Walimfungia stoo ya chaki, wakubwa wa darasa la juu, kwa mzaha, wakaweka komeo kwa nje, kengele ya kwenda nyumbani ikalia, shule ikatawanyika, na mlinzi akipita na fimbo yake ndiye aliyesikia kitu kinakwaruza mlango akadhani ni panya. Panya! Mwanangu, kucha zimejaa chaki na damu. Na tangu siku ile hataki mlango ufungwe akiwa ndani, mlango wowote, wa bafu baba yake ameung'oa kabisa na bawaba zake, nimeshona pazia, na hata pazia lenyewe hawezi, tunaliacha wazi, mpaka likizo dada yake akae nje amwimbie, aimbe mfululizo bila kukatisha mpaka amalize kuoga, na binti anaimba, sauti yenyewe ya chura lakini anaimba, amelowa miguu kwa maji yanayopita chini ya pazia, hajawahi kulalamika hata siku moja. Mkuu wa shule aliniambia ni utani wa watoto, usiukuze mama. Nikamwuliza sheria inasemaje. Akanitazama, tena kwa huruma, akasema, "Sheria ipi?"

Ndiyo maana niko hapa nachemka ndani ya koti, kwa sababu ya ile "ipi" yake, nilitoka ofisini mwake, nikakutana na Mwalimu, Mwalimu akanikutanisha na wenzangu, tukaanza kukaa chumbani kwangu jioni baina ya vitambaa vya wateja, tukauandika huu muswada, tukaufuta, tukauandika, wanasheria wakatucheka kidogo kisha wakatusaidia, na leo umefika mbele ya waheshimiwa, na ndani yake kuna kipengele changu, wenzangu wanakiita hivyo, kipengele cha Fundi: mwanafunzi atakayeongoza uonevu afukuzwe, na shule nyingine yoyote isimpokee. Yoyote. Neno hilo nililipigania mimi mpaka sauti ikanikauka. Mwalimu hakulipenda, alikuwa na chake, alitaka shule ilazimishwe kumwita mzazi wa yule mwonevu, akalishwe kitini, aambiwe mwanawe anafanya nini, nami nikacheka, nakumbuka nilivyocheka, na pini zimenijaa mdomoni, nikazitema kwanza ndipo nikacheka vizuri, nikasema aambiwe nini asichokijua? Mtoto anakula kwake, analala kwake, nguo anamfulia yeye, leo asijue amezaa nini? Anajua! Anajua na amenyamaza! Chumba kizima kikapiga makofi. Cha Mwalimu kikaondolewa, changu kikabaki, na Mwalimu hakununa, aliomba chai tu...

Kipaza kimerudi. Sasa mama wa watu anasikika, ni muuguzi, ametoka zamu moja kwa moja, viatu vyeupe vya kazini bado viko miguuni, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, anasema binti yake ni wa kidato cha kwanza, shule ya wasichana kule mlimani... mlimani? hiyo ni shule ya binti yangu, nanyoosha shingo, Mwalimu naye ananigusa kiwiko, "Si kwa binti yako huko?" ndiko, nasema, ndiko haswa, kumbe kuna mambo huko, na mwanangu hajawahi kuniambia, labda naye wamemfanyia, labda anaficha asiniongezee mzigo, ndivyo alivyo huyo, angekufa kimya, na muuguzi anasema wale wapya wanapangwa foleni sehemu ya kufulia kabla ya kengele ya chakula, wanakatwa vifungo, vifungo vyote vya nguo, kwa mkasi, kisha... kipaza kinakata... asubuhi gwarideni wamejishika nguo kwa mkono, na mwalimu wa zamu anawaadhibu kwa kuvaa ovyo, na wakishona vingine wanakatwa tena, mlezi wa bweni anajua, anasema ni mchezo wa wasichana, umekuwepo siku zote. Mchezo! Namwambia Mwalimu mchezo gani huu, mimi nguo naijua, ukikata kifungo kwa pupa unaondoka na kitambaa, nguo imekwisha hiyo, namwambia umeona sasa, hao ndio wa kipengele changu, hao, wasipate shule popote, wakauze karanga, na Mwalimu ananiwekea kidole mdomoni kwa sababu sauti yangu, kama nilivyosema, ninayo. Muuguzi anasema sasa binti yake amerudi nyumbani, hataki kuvaa kitu chenye vifungo, anajibana kwa pini, akisikia mkasi unalia jikoni anatoka nje, anasema ameamua kuacha shule, mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani, na nalia, sijui nimeanza saa ngapi kulia, mama huyu na mimi ni ndugu, mmoja pini, mwingine pazia, nikitoka hapa nitamkumbatia. "Alikuwa na sweta," anasema, "nililifuma mimi, na vifungo alichonga babu yake, baba yangu mimi, seremala, vya mbao nyeusi. Mzee hakuwa anajua mambo ya vifungo, akatoboa matundu matatu kila kimoja badala ya manne. Tulimcheka. Sasa macho yake hayaoni, hawezi kuchonga vingine..."

Matatu.

Mkono wangu umepanda wenyewe. Sijautuma. Umefika shingoni, kwenye kifungo cha juu cha koti, kidole gumba kiko juu yake na kinahesabu chenyewe, kinazunguka, tundu, tundu, tundu, kinarudi, tundu, tundu, tundu, hapana, mbao nyeusi, hapana, hapana bwana, maseremala wako wengi duniani, wazee wote wanachonga, kifungo ni kifungo, kinadondoka njiani, kinaokotwa, watoto wa bweni hawajui kushona, wanadondosha vifungo kila kona, si ndivyo alivyoniambia, si ndivyo alivyoniambia kila likizo, anafungua begi kabla hata ya kunywa maji, anatoa leso iliyofungwa fundo, "Mama, nimekuokotea," ananimiminia kiganjani, nami napiga vigelegele kabisa, mtu mzima, kwa sababu mimi kifungo situpi, hata cha tambara nakikata naweka, lile kopo langu la maziwa ya unga kila mteja analijua, na nawaambia wateja mwanangu huyu ananikumbuka hata akiwa mbali, wengine watoto wao wanarudi na madeni na mimba, mimi wangu anarudi na vifungo... na muuguzi anaendelea, Mungu wangu mwambieni asiendelee, kipaza kimepona sasa hivi, sasa hivi ndipo kimepona, kila neno linaniingia, "Na huyo kiongozi wao, binti yangu amenisimulia, anavikusanya kwenye leso. Anawaambia, msilie, hivi havipotei, nampelekea mama yangu, ni fundi."

Ukumbi mzima unaguna. Mtu nyuma yangu anasema, "Na mama mwenyewe anapokea? Mama gani huyo!" na mwingine anasema ndio hao hao, wanawatuma, mheshimiwa mmoja mnene anatikisa kichwa, na Mwalimu ananiinamia, masikini hajui, ananiuliza mimi, ananiuliza mimi kwa sababu ndiye fundi anayemjua, "Fundi, inawezekana kweli fundi apokee vifungo vya namna hiyo asijue vimetoka wapi?" na mimi nainua macho darini. Naiona feni inazunguka na siisikii. Asijue? Asijue vipi, vingine vilikuja na nyuzi nyuma, nyuzi mpya, ng'ang'anizi, zimekatwa wima kwa mkasi, kifungo kinachodondoka chenyewe uzi wake huwa umechakaa, una manyoya, mtoto wa siku mbili kwenye ushonaji anajua hilo, na vingine vilikuja na kipande cha kitambaa, kitambaa cheupe cha shati la shule, kadogo, duara, nami nilifanya nini, nilichukua mkasi wangu mdogo nikavisafisha, kimoja kimoja, jioni nzuri kabisa, nimewasha redio, binti yuko nje ya pazia anamwimbia mdogo wake, nasafisha vifungo vya watoto wa watu na nina furaha. Vilikuwa vinaongea vile. Vilikuwa mkononi mwangu vinaniambia, na mikono yangu ilisikia, mikono haikosei, ni mimi niliyekuwa nimepumzika.

Nimevishona wapi? Shati la yule karani wa posta, gauni la bibi harusi, suruali za mapacha, vimetembea mji mzima, vimeenda kanisani na msikitini na mazikoni, na hiki, hiki alinipa peke yake, hakukichanganya na vingine, "Hiki ni maalum Mama, hakina mwenzake, weka kwenye koti lako la bluu lile lililopungukiwa," na kilinisumbua kushona, matundu matatu unaingia wapi unatokea wapi, uzi ukafanya pembe tatu, nikasema nani kachonga kitu hiki, mtu huyu hajawahi kushona lakini ana mkono mzuri, ndivyo nilivyosema kwa sauti, ana mkono mzuri, na binti akacheka. Na juzi kabla hajarudi bweni ndiye aliyenifunga mwenyewe, nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema mbele ya kioo, akaja akanifunga koti mpaka juu, akakigonga kwa kucha, "Umependeza Mama, nenda ukawanyooshe," na nilipofika mahali pa chaki na kucha alilia. Alilia kweli, si maigizo, mimi machozi ya mwanangu nayajua, alimlilia mdogo wake mpaka kamasi, vidole vile vile vikiwa mabegani mwangu... haoni? Haoni kuwa ni kitu kimoja? Au anaona na amejiambia bora awe upande wenye mkasi, maana aliwahi kusema, siku tunampeleka bweni, mdogo wake amemshikilia sketi hataki aende, alisema, "Mimi hawatanifanyia kama wewe, hawataniweza," nami nilijivuna, nikamwambia baba yao umesikia mwanamke huyo? Alikuwa anaogopa. Alikuwa mtoto anaogopa, na mimi nikasikia ushujaa. Nani wa kumwuliza? Hakuna aliyeniita. Mlezi wa bweni anajua, walimu wanajua, wasichana bweni zima wanajua, binti wa muuguzi anajua mimi ni fundi, na mimi, mwenye kopo, sikuitwa kitini nikaambiwa.

Nikivute. Hakuna anayetazama, wote wanamtazama muuguzi, nikivute kitoke nikitie kwenye pochi, niende mbele nikaseme yangu ya chaki, nirudi nyumbani, nimshike, nimwulize, nimchape, sijui, lakini hapa asijulikane, kwa sababu kile kipengele ni changu, neno ni langu, yoyote, asipokelewe shule yoyote, mwanangu aliyebakiza mwaka mmoja tu, mwanangu anayetaka kuwa rubani, na nani atamwimbia mdogo wake akianza kunichukia, navuta, hakitoki, navuta tena, nimekishona kwa uzi mara mbili niliopaka nta, nimekizungushia shina la uzi kama ninavyofanya makoti ya wakubwa, wateja wangu wanajisifu kwamba kifungo changu hakitoki mpaka koti life, na kweli hakitoki, kazi yangu mwenyewe imenishika shingoni. Mwalimu ananiuliza, "Joto? Fungua basi," nami natikisa kichwa, kiganja kimefunika chote, jasho limelowesha mbao.

Mwenyekiti wa kamati amevua miwani. Anamwuliza muuguzi, kwa upole hata, "Mama, huyo binti anayeongoza, ungetaka sheria imfanye nini?" na hata fundi mitambo ametoa kichwa chini ya meza, na mimi namtazama mama huyu mgongo wake, kola ya sare yake imekunjika upande mmoja na natamani kuinyoosha, najua atakachosema, atasema cha kwangu, ndicho ningesema mimi, ndicho nimekuja kusema, afukuzwe, apotee, na nitakuwa nimemwandikia mwenyewe, na akisema itakuwa haki, ndilo linalonitisha, itakuwa haki kabisa. Muuguzi anaachia ukingo wa meza. Kisha anasema, "Sijui, mheshimiwa. Nimemchukia sana yule mtoto, nimechoka. Kwanza kabisa ningetaka mama yake aambiwe. Labda hajui."

Mwalimu anapumua kwa pua. Ni muungwana, hasemi nilikwambia. Labda hajui. Ametetea mtu asiyemfahamu, na amesimama kwa viatu vya zamu tangu jana, na mzee wake haoni, na mtoto wake amejibana kwa pini, na bado amenitafutia mimi nafasi ya kutokujua, mahali ambapo mimi sikumwachia mtu hata upenyo, mimi niliyetema pini nicheke vizuri. Sasa najua. Ile labda imekwisha muda wake, imeisha hapa hapa kwenye kiti hiki, kuanzia sasa nikinyamaza nitakuwa yule mama niliyemsema, anajua na amenyamaza, na sheria naitaka bado, naitaka zaidi ya nilipoingia, naitaka na cha Mwalimu kirudishwe, na changu... changu sijui, nitawaambia waheshimiwa changu sijui tena, waniulize kesho, na binti yangu atanisikia, itamfikia huko mlimani kabla sijapanda kwenda kumwona, na nitapanda, na leso nitaitaka, na kopo nitaliinamisha mezani kwa mama huyu achague, kimoja kimoja, na nguo zote za mji huu nitazifumua ikibidi. Karani ananitazama tena, ananionyesha kwa kidole, subiri, bado kidogo. Muuguzi bado amesimama, anakunja leso yake. Najaribu mdomoni, bila sauti, waheshimiwa, mimi ni fundi cherehani, na ni mama wa... na hapa ndipo binti alinifundisha kupumua, napumua, na nikipumua mkono unateremka, nauacha uteremke, nauweka mapajani juu ya mwenzake, na kifungo kimebaki shingoni peke yake, mahali ambapo mama huyu akigeuka kurudi kwenye kiti chake atakiona.